Hazina ya maji ya magadi tusiwaachie wageni peke yao

Kila mara mwalimu wa sayansi anapofika kwenye mada ya vijidudu, wanafunzi husikia orodha ile ile: kipindupindu, homa ya matumbo, kifua kikuu, kuhara damu. Huchora picha, hukariri dalili, hujibu maswali ya mtihani, kisha hutoka darasani wakiwa na yakini kwamba kila kiumbe asiyeonekana kwa macho ni adui wa binadamu. Silidharau somo hilo hata kidogo. Sisi tunaoishi hapa Nanighi, ambao maji ya Mto Tana hutufikia yakiwa na rangi ya udongo, hatukukijua kipindupindu kwa kusoma vitabuni tu. Hata hivyo, rai yangu ni kwamba elimu hiyo imeegemea upande mmoja mno. Upande wa pili umo humu humu nchini, tena katika maji machungu ambayo hakuna mtu anayethubutu kuyanywa.

Nasema juu ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa: Bogoria, Elmenteita, Nakuru na Magadi, pamoja na Natron lililo upande wa Tanzania. Mwanafunzi wa hapa kwetu huyajua magadi kwa yale mabonge meupe yanayouzwa dukani, ambayo mama hutia chunguni ili maharagwe yaive upesi, na ambayo wazee huchanganya na tumbaku. Ziwa Magadi limejaa kitu hicho hicho. Kampuni ya kukichimba iliundwa mwaka wa 1911, na uchimbaji unaendelea hadi leo. Ukali wa maji ya maziwa hayo, kwa kipimo cha pH, hufika 10 na wakati mwingine hupita. Maji safi ni 7, na kila tarakimu moja inayoongezeka humaanisha ukali mara kumi zaidi. Mwanafunzi afanye hesabu mwenyewe: kutoka 7 hadi 10 ni mara elfu moja. Juu ya ukali huo, kando ya Ziwa Bogoria, mahali paitwapo Loburu, chemchemi hutoa maji yanayochemka, na wageni huja na mayai mabichi wakayachemshia pale pale.

Akili ya kawaida hukataa kwamba mahali kama hapo pana uhai. Hata hivyo, Ziwa Magadi hugeuka jekundu, na wekundu huo ni viumbe hai wasiohesabika. Maji ya Bogoria huwa ya kijani, na kijani hicho ndicho chakula cha heroe wanaowavutia watalii. Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa Sekondari Msingi aliyeniuliza, bila kuificha shaka yake, "Mwalimu, kama vijidudu vinaishi kwenye maji yanayochemka, kwa nini basi tunaambiwa tuchemshe maji ya mto ili vijidudu vife?" Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa katika mitihani.

Jibu lake ni kwamba vijidudu vya maradhi vimeumbika kulingana na mwili wetu, ambao joto lake ni nyuzi 37 hivi. Ukivichemsha, protini zilizo ndani yake huharibika kama ute wa yai unavyoganda na kuwa mweupe, na yai lililoganda halirudi kuwa bichi. Viumbe wa chemchemi ya moto, kwa upande wao, wana protini zilizoshikamana kwa uthabiti zaidi, kiasi kwamba joto hilo kwao ni hali ya kawaida. Mwilini mwa binadamu hawawezi kustawi, kwa sababu kwao humo ni baridi. Vivyo hivyo wale wa magadi: bakteria wa aina hiyo huishi kwenye maji makali, lakini ndani ya mwili wake huutunza ukali usipande kufikia ule wa nje, akifanya kazi ya kuingiza na kutoa chembe za chumvi bila kupumzika, mithili ya mvuvi anayekumba maji kutoka katika mtumbwi unaovuja. Wale wapendao chumvi nyingi nao hujaza chumvi ya aina nyingine ndani yao ili maji yasinyonywe kutoka miilini mwao. Baadhi yao ukiwatia katika maji baridi ya mtoni hupasuka na kufa. Maji matamu kwetu ni sumu kwao.

Faida kwa binadamu huanzia kwenye vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia, kama vile mate yanavyoanza kuuvunja wanga mdomoni. Sasa chukua sabuni ya unga. Maji yenye sabuni huwa makali, na kimeng'enya cha kawaida hukosa nguvu ndani yake. Kimeng'enya kilichotolewa na bakteria aliyezaliwa katika maji ya magadi hakioni tabu. Hapo kiko nyumbani. Mjapani Koki Horikoshi alianza kuwachunguza bakteria wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwaka wa 1987 sabuni ya unga yenye kimeng'enya cha kuvumilia ukali ilikuwa ikiuzwa nchini Japani. Aliyekuwa akiyaona hayo kuwa mchezo wa maabara alijionea yakiingia kwenye beseni la kufulia.

Mfano mkubwa zaidi umetoka Marekani. Mwaka wa 1966 mtaalamu Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli katika chemchemi ya moto ya hifadhi ya Yellowstone, na mwaka wa 1969 wakamtangaza bakteria waliyemwita Thermus aquaticus. Nasisitiza kwamba Freeze alikuwa mwanafunzi. Kimeng'enya cha bakteria huyo ndicho kilichowezesha njia ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka wa 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1993. Njia hiyo huzidisha vinasaba vichache vikawa mabilioni kwa kuvipasha joto la nyuzi 95 hivi na kuvipoza, tena na tena. Kimeng'enya cha kawaida kingeungua mara ya kwanza tu. Mwaka wa 1991 haki za njia hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone haikupata hata senti. Janga la korona lilipoingia mwaka wa 2020, kila aliyetiwa kijiti puani na kupimwa kwa njia ya PCR alihudumiwa na kimeng'enya cha ukoo huo, naye hakujua.

Turudi kwetu. Mnamo mwaka wa 1992, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, wakiongozwa na William Grant, walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya. Kutokana na utafiti wa namna hiyo, kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ilipata vimeng'enya vilivyotumika kwa mambo mawili: sabuni za kufulia, na kuzipausha suruali za jinzi ili zionekane zimevaliwa sana. Kabla ya hapo suruali hizo zilikuwa zikisuguliwa kwa mawe mepesi ndani ya mashine, na mawe hayo yaliharibu nguo na mashine vilevile. Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai hadharani kwamba vijidudu hivyo vilitolewa nchini bila idhini inayotakiwa, na kwamba Kenya inastahili kugawiwa faida. Upande wa pili ulishikilia kwamba utafiti ulikuwa na vibali. Mzozo huo ulivuma katika magazeti ya hapa na ya ng'ambo, kisha ukafifia. Genencor yenyewe ilinunuliwa na Danisco mwaka wa 2005, na Danisco ikanunuliwa na DuPont mwaka wa 2011, hata mdaiwa akawa kama mtu anayebadili jina kila anapohamia mtaa mpya.

Mwanafunzi anaponunua jinzi ya mitumba sokoni Garissa au Hola, huenda rangi ile iliyopauka anayoipenda imetokana na kimeng'enya ambacho asili yake ni nchi yake mwenyewe. Nguo imemrudia, tena kwa kuuziwa.

Najua kwamba wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia neno moja: wizi. Mimi nakubaliana nao nusu. Yafaa tuwe waadilifu katika hukumu. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ambao ndio ulioipa kila nchi mamlaka juu ya viumbe na jeni zilizo katika mipaka yake, ulifunguliwa kutiwa saini mwaka ule ule wa 1992 lakini ukaanza kutumika Desemba 1993, nayo Kenya ikauidhinisha mwaka wa 1994. Kabla ya hapo, desturi ya dunia ilikuwa kwamba vijidudu ni mali ya yeyote aliyeviokota. Wamarekani wenyewe walivuliwa namna hiyo hiyo pale Yellowstone. Walichofanya ni kujifunza, na mwaka wa 1997 hifadhi hiyo ikafanya mapatano na kampuni ya Diversa ili faida igawanywe. Kenya nayo mwaka wa 2007 ilifikia mapatano kama hayo, KWS ikitia saini na kampuni ya Novozymes ya Denmark, na mapatano hayo yalihusu kugawana faida pamoja na kuwafunza Wakenya kazi hiyo.

Lakini hata hapo nina swali. Tunaposema "Kenya inastahili", Kenya ni nani? Ziwa Bogoria lina wenyewe. Jamii ya Waendorois walianza kuondolewa kandokando ya ziwa hilo mwaka wa 1973 ili pafanywe hifadhi ya wanyama, wakazuiwa kuyafikia malisho, mahali pa kulambishia mifugo chumvi na mahali pao pa ibada. Walipokosa haki katika mahakama za nchi, wakaenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka wa 2010 ukawapa ushindi: warudishiwe ardhi, walipwe fidia na wapewe sehemu ya mapato ya eneo hilo. Katiba ya mwaka ule ule, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa asilia na rasilimali za jenetiki za jamii. Sheria, basi, haikosekani. Vilevile Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika Oktoba 2014, na Kenya ni mwanachama. Kinachokosekana ni watu wa kijijini wanaoielewa sheria hiyo kiasi cha kumuuliza mgeni mwenye chupa ndogo, kwa adabu lakini kwa uthabiti, "Unachukua nini, na karatasi yako iko wapi?"

Nusu ya pili, ile inayonifanya nisikubaliane na kelele za wizi, ni hii: wakati wengine walikuwa wakiyachunguza maji yale, sisi tulikuwa tukiyatazama tu. Kijidudu kikiwa ziwani hakina bei. Thamani huja mtu anapokitenga, akakilisha, akakipa jina, akakijua kinakula nini na kinatema nini, akakihifadhi kwenye jokofu mwaka hadi mwaka. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na haifanywi kwa hasira.

Tazama majina. Kuna kiumbe kiitwacho Natrialba magadii, na kingine kiitwacho Halomonas magadiensis. Neno letu la jikoni limeingia katika Kilatini cha wanasayansi, na walimu wa Kiswahili hawana habari. Kuna Bogoriella caseilytica, aliyetangazwa mwaka wa 1997, na Bacillus bogoriensis wa mwaka wa 2005. Kuna pia Natronobacterium gregoryi wa Ziwa Magadi, aliyepewa jina la Gregory, yule mtaalamu wa miamba aliyelichunguza Bonde la Ufa. Mwaka wa 2016 watafiti wa China walitangaza kwamba protini ya kiumbe huyu wa Magadi inaweza kuhariri jeni za binadamu. Maabara za dunia ziliijaribu usiku na mchana, wengi wakashindwa kupata matokeo yale, na mwaka wa 2017 makala ile ikaondolewa. Kwa mwaka mzima sayansi ya dunia ilibishana juu ya mkazi wa Kajiado. Ni wanafunzi wangapi wa Kenya walioambiwa?

Sisemi kwamba hatuna wataalamu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) kimekuwa na watafiti wa maziwa haya kwa miaka mingi. Mmoja wao ni Profesa Hamadi Boga, mwana wa Pwani kutoka Kwale, ambaye amechunguza vijidudu vya maziwa ya magadi na hata vile vya tumboni mwa mchwa, na baadaye akawa Katibu katika Wizara ya Kilimo. Namtaja makusudi. Mwanafunzi wa Tana anayedhani kwamba sayansi ya namna hii ni ya watu wa Leicester na Yellowstone ajue kwamba aliyezaliwa upande huu wa nchi ameifanya, na alianza na kitu kinachopatikana kwenye kila kichuguu cha hapa Nanighi.

Tena si lazima tusafiri hadi Baringo ili tuwapate viumbe wa mazingira magumu. Mradi wa unyunyizaji wa Bura, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya pamba, ulikuta chini ya udongo wa juu tabaka lenye chumvi na magadi lisilopitisha maji vizuri, na jambo hilo limewasumbua wakulima hadi leo. Ardhi hiyo inayolaaniwa ina wakazi wake. Wako bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea inayostahimili chumvi, na wataalamu katika nchi nyingi wanawachunguza kwa nia ya kuyasaidia mazao katika udongo wa namna hiyo. Anayesafiri kutoka Garsen kwenda Malindi naye hupita Marereni na Gongoni, palipo na mabwawa ya kuanikia chumvi ya bahari. Maji ya mabwawa ya namna hiyo yanapokaribia kukauka hugeuka rangi ya waridi au nyekundu, na wenye rangi hiyo ni jamaa wa wale wa Magadi. Nchi ya wafugaji nayo ina ngozi nyingi. Ngozi huondolewa manyoya kwa chokaa na dawa zinazonuka na kuchafua mito, ilhali kimeng'enya chenye kuvumilia ukali kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mama wa Kiorma anayefukiza kibuyu na kuyaacha maziwa yagande amekuwa akiviajiri vijidudu miaka yote, bila kuhitaji Kilatini.

Ninalolitaka si jambo kubwa. Kwanza, watunzi wa vitabu vya sayansi waweke Bogoria na Magadi katika sura ya vijidudu, pamoja na kisa cha jinzi na cha Waendorois, badala ya kuwaachia watoto Yellowstone peke yake. Pili, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja. Mtoto anayesikia neno "kimeng'enya" kwa mara ya kwanza kwenye ushairi wa wivu wa lugha, na lile la Kiingereza kwa mara ya kwanza kwenye mtihani, ameelezwa mara mbili na hajaelewa hata mara moja. Tatu, kila mtafiti anayepewa kibali cha kuchukua sampuli mahali popote nchini alazimishwe kufika katika shule ya karibu na kuwaeleza wanafunzi anachotafuta. Hilo halitagharimu serikali chochote, na mgeni mwenye nia njema hatalikataa.

Kuna watakaosema shule zetu hazina hadubini, na ni kweli. Wengi wa wanafunzi wa huku humaliza shule hawajaigusa. Lakini liko jaribio alilolibuni Sergei Winogradsky, Mrusi wa karne ya 19, lisilohitaji hadubini wala umeme. Chupa ya plastiki inayopitisha mwanga ijazwe robo tatu matope ya ukingo wa mto, yaliyochanganywa na vipande vya gazeti na kiini cha yai, kisha maji ya mto yamiminwe juu na kifuniko kilegezwe kidogo. Iwekwe dirishani mahali penye mwanga, si kwenye jua kali la mchana la huku. Chupa ya pili iwe na matope yale yale yaliyotiwa chumvi nyingi, na ya tatu itiwe magadi ya dukani. Baada ya wiki kadhaa tabaka za kijani, nyeusi na hata zambarau huanza kujitokeza katika chupa ya kwanza, kila kundi la vijidudu likichagua mahali pake kulingana na hewa na mwanga. Wanafunzi waandike kila Ijumaa wanachokiona katika zile tatu, na watofautishe. Mwalimu ahakikishe tu kwamba hakuna anayeonja, kwamba mikono inanawiwa kwa sabuni, na kwamba chupa haifungwi kabisa, kwa maana gesi hujikusanya ndani.